Magoti ya Ghalib

Asubuhi ile Ghalib hakukunja pembe ya zulia. Alikuwa mtu wa kukunja. Bibi yake aliyemlea Lamu alimfundisha kwamba mswala ukiachwa wazi, shetani huja akaswali juu yake. Time, mkewe, alimwambia mara nyingi kwamba shetani akianza kuswali hiyo si hasara, ni neema kwa watu wote, lakini Ghalib alicheka na kukunja. Siku ile theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, magari yamekwama Route 7, naye aliogopa kuchelewa kazini. Akatoka mbio. Zulia likabaki limetandazwa sebuleni, mshazari, limeelekezwa kwenye pembe yenye hita, kwa sababu kibla cha Falls Church, Virginia, hakilingani na ukuta wowote wa nyumba ile.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Ghalib alikuwa akipokea tikiti katika paking ya chini ya ardhi, katikati ya jiji la Washington, na moyo wake ulisimama akiwa ndani ya kibanda. Msimamizi alieleza kwa upole kwamba hawakujua mapema, walidhani amesinzia. Magari yalipanga foleni yakapiga honi, mpaka dereva mmoja akashuka kwenda kumgombeza. Time alisikiliza hadi mwisho, akasema asante, akakaa. Mji mzima wa watu waliosoma, akawaza, na maiti alipigiwa honi ndipo wakajua kuwa ni maiti.

Hakulia mbele ya watu, na watu hawakumsamehe. Wanawake wenzake wa pwani kutoka mji wa Woodbridge walikuja na mabuibui ya kung'aa, wakasema makiwa, wakalia kwa zamu, kisha wakatulia wakaulizana nani amehamia nyumba yenye ngazi ndani. Wanaume walijazana sebuleni. Katikati yao alikaa Ziyad, mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi ya kompyuta na kuzungumza na kila mtu kana kwamba anamwelekeza kitufe cha kubonyeza.

"Mnaliona hili zulia?" Time alimsikia kutoka chumbani, alikokuwa amekaa na wanawake. "Hili ni la Ladik, Uturuki. Sultani alimtunuku babu wa babu yetu, aliyekuwa kadhi. Miaka mia tatu limo katika ukoo."

"Mashaallah," watu wakasema, na wengine wakarudisha miguu nyuma.

"Na hapa pembeni, tazameni, ua moja limekwenda upande. Mfumaji ameacha kosa kwa makusudi, maana ukamilifu ni wa Mungu peke yake."

Time alivuta mtandio. Mwanamke anayefuma huku mtoto analia na chungu kinafurika hana haja ya kutafuta kosa. Lenyewe litamjia.

Kadhi hakuwapo, wala Sultani. Babu yao Ghalib na Ziyad alikuwa muuza kahawa wa barabarani, mwenye dele la shaba na vikombe vya kugonganisha, na kahawa yake ilisifiwa mpaka kijijini Matondoni. Zulia lilitoka Beltsville, Maryland. Huko aliishi Mmarekani mmoja, mtaalamu wa ngano katika mashamba ya utafiti ya serikali, ambaye ujanani alitembea vijiji vya Uturuki akikusanya mbegu, akarudi na mbegu pamoja na zulia. Alipofariki, mkewe aliuza nyumba, na Ghalib alikwenda na rafiki yake kusaidia kubeba makabati. Akaliona zulia jikoni, chini ya meza. Mbwa alikuwa akilala juu yake. Yule mama akasema, "Lichukue, mbwa naye amekufa."

Ghalib alilileta nyumbani amelikumbatia kama bibi harusi. Time akamsimamisha mlangoni. Alitaka kujua kama ndivyo Waamerika walivyomfundisha, kuswali juu ya kitanda cha mbwa. Basi likaoshwa kama watu wa pwani wanavyoosha kitu kilicholambwa na mbwa: maji mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Lilioshwa nyuma ya apatimenti, kwenye paking, udongo ukichimbwa chini ya ua wa majani wa mwenye nyumba. Ghalib alisugua kwa brashi ya viatu. Ziyad, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo na akilala kwenye kochi lao, alishika mpira wa maji. Time alisimama kwenye kibaraza cha juu akisimamia hesabu, na walipokosea aliwaanzisha upya.

Lilipokauka waliona kwamba rangi nyekundu imekimbia. Mstari wa matulipu, yaliyokuwa meupe kama maziwa, ulikuwa umegeuka waridi. Mturuki yeyote angelia. Ghalib alilitazama akasema, "Maua yameona haya. Umeyafokea sana."

Miaka iliyofuata aliazima vitabu vya picha katika maktaba ya umma, akamsomesha mkewe asiyetaka kusomeshwa. Hapa, mama, ni mihrabu, na mabega yake yanapanda ngazi kwa ngazi. Hizi juu ya mabega ni birika za udhu, ndogo ndogo, zimegeuziana migongo. Hapa katikati ya nyekundu pana mstari rangi inapofifia ghafla: sufu iliyotiwa rangi ilimwishia mfumaji, akachovya nyingine, isilingane. "Kama wali wako wa siku mbili," alisema. Time alimjibu kwamba mwanamume anayejua mengi kuhusu sufu ya wanawake waliokufa angeweza pia kujua mahali ufagio unapokaa.

Na juu ya zulia lile Ghalib aliswali, kila siku, mpaka manyoya yakaisha mahali magoti yake yalipotua. Palibaki madoa mawili ya uzi mtupu na moja dogo zaidi la paji la uso. Time aliyaona madoa yale kila alipofagia na hakuwahi kuyafikiria. Sasa alikuwa katika eda, hatoki, na alikuwa na nafasi ya kuyafikiria.

Uongo wa kadhi ulizaliwa Ziyad alipokuwa akimposa Nahla. Watu wa Nahla walikuwa wa Unguja, wa Mji Mkongwe, na waliweza kutaja mababu mpaka mtu akashikwa na usingizi. Ziyad naye akahitaji babu, na zulia lilikuwa karibu. Siku ile Ghalib alinyamaza. Usiku wake Time alimkabili.

"Utamwacha aseme hivyo juu ya zulia la mbwa?"

"Mwache. Anajijengea babu. Wenzake wanajenga gereji."

"Na huyo mchumba akijua?"

"Atajuaje? Wewe hutamwambia. Niahidi, Time. Ni mdogo wangu."

Akaahidi. Aliona ni upole wa kijinga, na alimwambia hivyo, lakini aliahidi.

Eda ilikuwa bado kwisha Ziyad alipoanza habari za mirathi. Alikuja na Nahla siku ya Jumapili, akakaa kwenye kochi alilokuwa akilalia zamani bila kulitambua. Ghalib na Time hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo sheria ilikuwa wazi: mke robo, kilichobaki cha ndugu. Time hakubisha. Alimwambia achukue gari, televisheni, redio, na saa ya mkononi ya Ghalib iliyokuwa haifanyi kazi.

"Hili zulia lihesabiwe katika robo yangu," alisema.

Ziyad alitabasamu kama daktari mwenye habari mbaya. "Shemeji, chukua televisheni. Chukua vyote. Lakini zulia ni la ukoo. Kitu cha ukoo hakikatwi."

"Utalifanyia nini?"

"Nitali-frame. Ukutani, ukiingia tu, chini ya taa. Kuna mtaalamu mmoja Mzungu, mwenyekiti wa chama cha wapenda mazulia, atakuja kulitazama. Halafu kuna watu wanaofunga mafundo upya kwa sufu ya zamani. Haya matundu yatajazwa, hutajua yalikuwa wapi. Litakuwa kama siku lilipotoka kwa Sultani."

"Haya matundu," Time alisema.

"Yanalishushia heshima, shemeji."

Nahla alikubali kwa kichwa. Time aliikumbuka nyumba yao ya Woodbridge, iliyokuwa na nguzo mbili nene mlangoni. Aliwahi kuzigonga kwa kidole siku ya karamu. Zilikuwa tupu ndani, na moja ilikuwa haijafika chini vizuri. Nyigu walikuwa wakiingia na kutoka.

Jioni yake Edah alishuka kutoka ghorofa ya juu na sufuria ya uji. Edah alikuwa Mkenya wa upande wa Eldoret, akitunza wazee katika nyumba za watu, na hakuwa na subira na mtu yeyote aliyeweza kutembea mwenyewe.

"Huyo shemeji yako ana maneno mingi," alisema. "Nimemsikia nikiwa kwa ngazi. Ati Sultani. Sultani gani?"

Time akamweleza yote: Beltsville, ngano, mbwa, udongo. Edah alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Sasa si umwambie bibi yake? Mara moja tu. Mbwa, kwisha."

"Niliahidi."

"Uliahidi nani?"

"Ghalib."

Edah akaacha kucheka. Alilitazama zulia, halafu akalizunguka kwa nje, ingawa hakuna aliyemwambia asilikanyage. "Na hiyo sufu mpya," aliuliza, "wataweka hapa? Hapa kwa magoti?"

"Hapo hapo."

"Basi hiyo ahadi ni ya bei," Edah alisema, akamimina uji.

Eda ilikwisha majani yakiwa yamefunika miti yote. Jumamosi iliyofuata Ziyad alikuja na Nahla, pamoja na mtaalamu. Alikuwa mzee mrefu mwenye tai ya kipepeo, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ziyad hakuvua, alikuwa na haraka ya kueleza. Alieleza kwa Kiingereza, kadhi, Sultani, miaka mia tatu, na Time, ambaye alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa Kiingereza miaka yote ile, alisikia kila neno.

Mzee alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya zulia, kwenda na kurudi.

"Unajua lilifumwa kichwa chini?" alisema. Alikuwa akimwambia Time, aliyekuwa karibu. "Alianzia kwenye ncha ya mihrabu akashuka. Ndiyo maana manyoya yote yamelala kuelekea mbele. Mtu akisujudu, mkono unateleza, haukwaruzwi. Mabwana wa makumbusho wanaliandika hili kama jambo la ajabu. Nadhani aliyefuma alikuwa tu na mtu nyumbani anayeswali."

Akaonyesha kwa kidole. Nguzo mbili za kushikilia mihrabu zilikuwa hazina miguu. Zilining'inia hewani, zikiishia kwenye vijiua. "Katika mazulia ya zamani kabisa ni nguzo za kweli, zimesimama juu ya vitako vyake. Halafu mtu ananakili zulia, na mwingine ananakili nakala, na yule wa tatu hajawahi kuona nguzo. Anajua tu kwamba mahali hapo huwa pana mstari. Na hiki kilichoning'inia juu, kinachofanana na kitana? Kilikuwa taa. Ikawa shada la maua. Hapa sasa ni kitana."

"Lakini ni la zamani," Ziyad alisema. "Miaka mia tatu."

Mzee alilowesha leso kwa mate, akasugua nyekundu, akaitazama leso. Kisha akayatazama matulipu ya waridi kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ajali.

"Nyekundu ya mizizi haikimbii hivi. Hii ni rangi ya kiwandani, iliyofika vijijini kwao mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Miaka mia moja, na kidogo. Ni zulia zuri sana la miaka mia moja." Akaligeuza, akakwaruza mgongo wake kwa ukucha. Vumbi jekundu likamwangukia kwenye suruali. Alilisaga kati ya vidole. "Na huu ni udongo. Nina bustani Vienna, hapo jirani, naujua. Huu ni udongo wa Virginia. Nani ameliosha zulia hili kwa udongo?"

Ziyad, aliyeshika mpira wa maji siku ile, alitazama dari.

"Labda watumishi," alisema. "Zamani."

"Zamani, Virginia?" mzee aliuliza, lakini kwa adabu, kwa hiyo Ziyad hakujua kwamba ameulizwa. Mzee akalirudisha zulia sawa, akaweka viganja vyake viwili juu ya madoa ya magoti. "Na haya?"

"Mababu. Wameswali hapo vizazi na vizazi."

"Hapana, hapana. Ncha za nyuzi bado ni nyeupe. Haya ni ya juzi. Ni ya mtu mmoja, na mzito wa goti la kulia."

Ghalib alikuwa na mguu wa kushoto unaomuuma tangu alipoanguka ngazini. Time aligeuka akatazama hita.

"Yajazwe," Ziyad alisema. "Yajazwe yote. Na hiyo waridi itolewe. Inawezekana?"

"Kuna dawa za kuitoa. Inawezekana. Mimi nisingefanya."

"Lakini inawezekana. Tutalichukua leo." Akainama akashika pembe, akaanza kulikunja, na soli ya kiatu chake ikakanyaga ukingo.

Time alisema kwa Kiswahili, ili mgeni asihusike. Hakuinua sauti.

"Nahla, mwanangu, njoo karibu. Mumeo anataka kukupelekea ukutani kitanda cha mbwa."

Ziyad akasimama alivyoinama. "Shemeji."

"Lilitoka Beltsville. Mbwa wa Mzungu alilala juu yake mpaka akafa. Tuliliosha mara saba hapo nyuma, kwa udongo, ni twahara, mimi naswali juu yake bila wasiwasi. Lakini halikutoka kwa Sultani yeyote. Muulize aliyeshika mpira wa maji."

"Mbwa?" Nahla alisema. Alikuwa ameshakunja vidole vya miguu ndani ya soksi. "Ziyad, mbwa gani?"

"Limeoshwa, Nahla. Umesikia mwenyewe. Ni twahara."

"Mie sikuulizi kuhusu kuosha. Nakuuliza, mbwa gani? Na kadhi je?"

Nahla akamgeukia Time.

"Kadhi yupi?" Time alisema. "Babu yao aliuza kahawa barabarani. Ilikuwa kahawa nzuri, na yeye alikuwa mtu mzuri, na hakumkosea huyu lolote hata afutwe."

Nahla alichukua mkoba wake. Alikuwa amelelewa vizuri. Aliaga, akamwombea marehemu, akatoka. Walimsikia akishuka ngazi, na mlango wa gari ukifungwa. Mzee wa tai alikuwa akifunga kamba za viatu polepole, mtu asiyejua lugha lakini anayejua familia.

Ziyad aliiachia pembe ya zulia. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa yule mwanafunzi wa kwenye kochi, na kwa muda Time alikaribia kumwonea huruma.

"Kaka asingenifanyia hivi," alisema.

"Najua. Ndiyo maana ulimpanda mgongoni mpaka juzi."

"Alikuahidisha. Aliniambia mwenyewe. Aliniambia, Time hatasema."

Hilo Time hakulijua.

"Basi nitamjibu Ghalib siku tutakapokutana," alisema. "Wewe huna dai. Kitu cha ukoo hakikatwi, ulisema. Hiki si cha ukoo. Kihesabu katika robo yangu."

"Baki nalo. Lakini mimi usinihesabu tena. Hapa Amerika huna ndugu mwingine, ukumbuke."

"Nakumbuka."

Ziyad alichukua funguo za gari la Ghalib kutoka kwenye msumari, kwa kuwa hiyo ilikuwa haki yake, akatoka. Mzee alibaki nyuma kuagana. Alimpa Time mkono, akafikiri la kusema kwa mjane.

"Tafadhali," alisema, "usilioshe tena."

Ziyad hajapiga simu. Idi ilipofika, watu wa Woodbridge walimsalimia Time msikitini kwa ncha za vidole, maana habari iliyowafikia ni kwamba amemtukana babu wa watu. Nahla, inasemekana, ameuliza mambo mengine mawili matatu ambayo hayakuhusu zulia. Edah humpeleka sokoni siku asipokuwa na mzee wa kutunza, na siku nyingine Time hupanda basi. Wapo wanaomwambia kwamba ahadi ya maiti ni deni, na kwamba zulia si mtu. Huwasikiliza. Wengi wao hawajawahi kufagia mahali mtu alipopiga magoti.

Anaswali juu ya zulia lile, mshazari, kuelekea pembe yenye hita. Ghalib alikuwa mrefu na yeye ni mfupi, kwa hiyo magoti yake hayatui kwenye madoa yale. Yanatua mbele kidogo, juu ya nyekundu, ambako manyoya yalikuwa bado mazima. Sasa zulia linalika mahali pa magoti manne.